Kitabu Kisichosomeka: Waliyotufunza Watoto wa Busia

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi, Kakamega, likizo ya Agosti

Mwenyekiti, walimu wakuu, walimu wenzangu, mulembe. Hilo itikio ni la watu ambao hawajanywa chai. Mulembe tena.

Afadhali. Nilipoombwa nije kuzungumzia utafiti wa elimu na kazi yetu ya darasani, mwenzangu mmoja tunayekaa naye meza moja katika ofisi ya walimu alinionya: "Usiende kuwachosha watu na habari za Ufini. Huko darasa lina watoto ishirini na kila mmoja ana jozi mbili za viatu vya mvua." Nikamwahidi kwamba sitavuka mpaka. Leo tutakwenda Busia, turudi kwa njia ya Bungoma na Butere, na nauli hamtalipa.

Kuna jambo linaloniudhi, na ni heri niliseme mapema ili nipumue. Tangu miaka ya tisini, watoto wa huku kwetu magharibi mwa Kenya, Busia, Teso, Bungoma, Butere na Mumias, wamehesabiwa, wamepimwa, wametahiniwa, na matokeo yao yamejaa katika majarida ya vyuo vikuu vikubwa duniani. Michael Kremer, Mmarekani aliyefundisha sekondari hapa Kakamega akiwa kijana, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na sehemu kubwa ya kazi iliyompa sifa ilifanywa katika shule zetu hizi za mabati. Mhadhiri wa Boston anawajua watoto wa Budalangi kwa takwimu. Sisi tuliowashikisha kalamu hakuna aliyeturudia kutuambia watafiti waligundua nini. Mimi nilikuwa nafundisha mwendo wa baiskeli kutoka baadhi ya shule hizo, na matokeo yalinifikia baada ya miaka zaidi ya kumi, kwa karatasi niliyoazimwa.

Haya, tuanze na vitabu.

Mnakumbuka tulivyokuwa. Kitabu kimoja cha Kiingereza, vichwa vitano juu yake, na aliye ng'ambo ya dawati anasoma maneno yakiwa yamesimama kichwa chini. Katika mikutano ya wazazi tulikuwa na wimbo mmoja: leteni vitabu, alama zitapanda. Nami niliuimba kuliko wengine. Basi mwaka 1996 shirika la misaada lililoitwa ICS lilichukua shule 100 za Busia na Teso, likazigawa mafungu manne bila kuuliza ni mwalimu mkuu yupi ana mjomba wizarani, na shule 25 zikapewa vitabu kwanza. Zilizobaki zikasubiri. Kremer na wenzake, Paul Glewwe na Sylvie Moulin, wakawa wanalinganisha.

Kwa wastani, alama hazikupanda.

Naona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Nilitikisa hivyo hivyo. Ila endelea kusikiliza: wapo waliofaidika. Ni wale waliokuwa wakiongoza kabla ya vitabu kufika. Wa katikati na wa mkia walibaki walipokuwa, kitabu kipya mkononi. Na sababu si fumbo. Mtoto wa Teso anazungumza Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha kitabu kinamsubiri kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Wengi hawakuweza hata kukisoma. Aliyekiandika alikuwa na mtoto fulani akilini, na mtoto huyo alikuwepo darasani, ila alikuwa mmoja au wawili, na alikuwa ameketi dawati la mbele.

Nimeirudia habari hii mara nyingi na kila mara inanipeleka kwenye maazimio yangu ya kazi. Kwa sababu nami nafanya alivyofanya kile kitabu. Mada ya juma la tano lazima iishe juma la tano. Nikiuliza swali, mikono minne inainuliwa, ile ile minne, na mimi naondoka nikiamini darasa limeelewa. Naandika "lengo limefikiwa". Limefikiwa na nani?

Asitoke mtu hapa akasema nimesema vitabu ni bure. Tusome, ule mradi wa kufundisha watoto kusoma, ulipoanza mwaka 2015, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipewa kitabu chake, na usomaji ukapanda. Lakini vitabu vile vilipangwa hatua kwa hatua, toka sauti na silabi, mwalimu akapewa mwongozo, na afisa akawa anaingia darasani na tableti yake kusikiliza watoto wakisoma. Mnawakumbuka maafisa hao. Wengine wetu tulikuwa tukiona pikipiki yao tunakumbuka kwamba tuna mkutano.

Kuna utafiti wa pili ninaoupenda kwa sababu unatufundisha jinsi tunavyojidanganya. Ni wa chati za ukutani, zile kubwa za kufunua karatasi baada ya karatasi. Watafiti walitazama kwanza shule zilizokuwa na chati zenyewe, wakaona zina alama nzuri kuliko zisizo nazo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungeandika ripoti: chati huinua alama. Wao wakafanya jaribio lenyewe katika shule 178, nusu zikapewa chati, nusu hazikupewa. Hakuna tofauti iliyoonekana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Shule iliyokuwa na chati tangu mwanzo ilikuwa na wazazi wanaolipa, mwalimu mkuu anayefuatilia, pengine watoto wanaotoka nyumba zenye taa. Chati ilikuwa dalili ya hayo yote, nasi tukaifanya chanzo. Kila tunapokwenda kuzuru shule iliyoongoza kaunti tukarudi na rangi ya sare zao au saa ya kuanza masomo ya alfajiri, tunanunua chati.

Dawa za minyoo mmezisikia, kwa hiyo napita. Watoto wa shule 75 za Busia walipewa dawa hizo, kuanzia 1998. Utoro ulipungua kwa karibu robo, alama za mtihani hazikusogea. Mtoto kufika shule ni jambo moja, kufunzwa akishafika ni jingine.

Na zawadi za walimu? Nawaona mmeamka. Ndiyo, walijaribu pia, Busia na Teso: walimu wapewe zawadi wanafunzi wakifanya vizuri katika mtihani wa wilaya. Alama zikapanda katika mtihani ule. Lakini walimu hawakuja shule zaidi ya kawaida, wala hawakutoa kazi nyingi zaidi za nyumbani. Walichoongeza ni vipindi vya ziada vya kujiandaa kwa mtihani. Zawadi zilipokwisha, na alama zikayeyuka. Hapa sina la kuongeza, tunajuana.

Sasa tufike Bungoma na Butere-Mumias, mwaka 2005. Elimu ya bure ilikuwa imeingia 2003, na aliyefundisha darasa la kwanza wakati ule anajua maana ya kuita majina mpaka kengele inalia. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walisimamia mradi wa kuzipa shule mwalimu wa ziada wa mkataba. Shule 121 zilikuwa na darasa la kwanza moja tu, basi darasa likakatwa mara mbili. Kwa kura, shule zikawekwa katika makundi mawili. Kundi moja liligawa watoto ovyo tu, huyu kulia, huyu kushoto. Kundi la pili liligawa kwa kiwango: wanaoanza kusoma huku, wasiojua herufi kule.

Mimi ningeapa kwamba waliotiwa chumba cha wasiojua wangezama. Nani atawavuta? Haikuwa hivyo. Baada ya miezi 18, katika shule zilizogawa kwa kiwango, watoto wa vyumba vyote viwili walikuwa mbele ya wenzao wa shule zilizochanganya. Wa chini pia. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu, akiwa mbele ya watoto wanaokaribiana, alipata mahali pa kuelekeza somo. Mwenye chumba cha wasiojua herufi hakuweza tena kujificha nyuma ya mikono minne. Ilibidi afundishe herufi.

Na kuna nusu ya pili ambayo walimu hatupendi kuisikia. Mradi ule ulipunguza darasa kutoka watoto 82 hadi 44 kwa wastani. Kwa waliobaki na mwalimu wa kawaida wa serikali, kupungua huko peke yake hakukuinua alama kwa kiasi cha kutajika. Sisemi 82 ni sawa. Nimefundisha 90 na koo langu ni ushahidi. Nasema darasa likipungua na mimi nikaendelea kufundisha dawati la mbele, nimebaki na dawati la mbele lenye nafasi ya kunyoosha miguu.

Mwalimu mmoja amenipitishia karatasi: "Kwa hiyo tugawe watoto werevu na wajinga?" Hapana, na neno hilo la mwisho liacheni nje ya geti. Lile lilikuwa darasa la kwanza, kwa muda, na kila chumba kilikuwa na mwalimu wake. Halisemi lolote juu ya gredi ya nane, wala halikupi ruhusa ya kuwatupa kumi na watano pembeni na mwanafunzi kiranja. Na mjue hata jambo lililofaulu huharibika likihamishwa. Walimu wa mkataba walipojaribiwa baadaye nchi nzima, palipoendeshwa na shirika watoto walifaidika, palipoendeshwa na serikali hawakufaidika. Mpango ule ule, karatasi zile zile.

Unachoweza kufanya ukiwa na chumba kimoja ni hiki. Uwezo, wale waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba kupima kama watoto wanajua kusoma, walitumia kifaa rahisi mno: herufi, maneno, aya, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ndicho kilichoonyesha kwamba ni kama watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili. Chukua hadithi ya namna hiyo. Ita mtoto mmoja mmoja chini ya mti, dakika tatu kila mmoja. Usiandike alama, andika alipokwama. Juma moja linatosha. Mimi nilipofanya hivyo na gredi ya sita, niligundua msichana mmoja aliyekuwa akinakili ubao mzima kwa mwandiko wa kupendeza, vyema nyekundu kila ukurasa, hasomi hata aya. Vyema hizo nilizitia mimi.

Kisha nusu saa kwa siku, vunja safu za madawati, kila kundi lifanye kazi ya pale lilipokwama. Baada ya mwezi, rudi chini ya mti, kwa sababu watoto husogea, na kundi lisilovunjwa hugeuka kuwa kabila.

Jambo la mwisho si la Busia, mnisamehe, lakini ni dogo na halihitaji hata chaki. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliofunika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Nikajaribu katika sayansi. Sikugawa watoto, niligawa mada. Mfumo wa damu tukaurudia kwa kusoma kwa sauti, kama tulivyozoea. Udongo tukaufanya kwa kufunga daftari, dakika tano kila asubuhi, andika unachokumbuka cha jana na cha juma lililopita. Walikumbuka udongo kwa mbali. Nikafurahi siku mbili, mpaka mke wangu, ambaye ni mkulima, akaniambia: "Watoto wa huku wanajua udongo toka wamezaliwa." Kweli. Muhula uliofuata nikageuza, mada ngumu ndiyo ikafunikwa. Bado dakika zile tano zilishinda, ila kwa tofauti ndogo. Hiyo ndogo ndiyo ninayoiamini.

Na kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu, majibu yakarefuka na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nilijirekodi kwa simu. Mimi hata sekunde sikufikisha, nilikuwa najijibu. Siku hizi nikiuliza napanda matatu ya Kisumu moyoni, nikitaja vituo vya njiani: Chavakali, Mbale, Majengo. Mtoto akiwa bado kimya naongeza Kiboswa. Sekunde hizo ni ndefu, utadhani mkaguzi ameingia. Juzi pale Kiboswa, yule msichana wa mwandiko mzuri aliinua mkono, nusu, kiwiko bado mezani.

Sasa nawauliza ninyi, na sitaki mikono minne. Katika darasa lako, ni nani ana kitabu asichoweza kukisoma, na kimekwama ukurasa gani?

Chavakali.

Mbale.

Majengo.