Meza Dawa kwa Saa, Usingoje Mshono Uwake

Habari za asubuhi, mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mliokaa kule mlangoni. Sogeeni, haya yanawahusu pia.

Mimi ni mkunga, na nimejifungua kwa upasuaji. Usiku ule ganzi ya mgongoni ilipoisha niliomba dawa, nikaambiwa nivumilie, kila mzazi anaumia. Nikavumilia. Mtoto akalia, nikashindwa kujigeuza nimchukue. Tangu siku hiyo neno "vumilia" silitamki wodini.

Jamani, ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, hadi mji wa mimba, vyote vimekatwa vikashonwa. Kulia hapo si kudeka. Anayeumia anaogopa kuvuta pumzi ndefu, anaogopa kukohoa, hata kumweka mtoto titini kunamshinda.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kungoja. Mama anasubiri mpaka ajikunje ndipo ameze, na maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kushusha. Meza kwa saa. Parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Usizidishe. Daktari akikuandikia na ibuprofeni, meza zote, hiyo ukishakula. Kila moja ina kazi yake na zinasaidiana. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au presha aseme mapema. Zote mbili unanyonyesha nazo, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Ila kodeini na tramadoli usijinunulie dukani. Zinaweza kumlevya mtoto, akasinzia mpaka kupumua kukawa shida.

Kuinuka nako kuna ufundi. Dada, njoo ulale kwenye benchi hili. Mnaona? Kunja magoti. Geukia ubavu, mwili wote pamoja. Shusha miguu, kisha jisukume kwa kiwiko. Mkono mwingine ushikilie kanga iliyokunjwa, ikandamize mshono. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, kanga iwe pale pale. Ndani ya siku ya kwanza tembea hatua chache, maana wapo wanaoteswa na gesi kuliko kidonda, na kutembea kunaitoa. Mtoto mpakate kwapani, miguu yake ielekee nyuma yako, asikupige teke mshononi.

Mabibi, najua kukanda ni mapenzi. Kandeni mgongo na mabega, mshono uacheni mkavu. Ngozi ya pale bado ina ganzi, maji ya moto yatamuunguza naye asijue.

Kina baba, ndoo ya maji ni yenu kwa wiki 6. Kitu kizito kuliko mtoto wake asikiinue.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukipata homa, ukaona usaha, damu ikalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au mguu mmoja ukavimba, njoo hata usiku wa manane.

Haya, mama mwenye kanga ya njano, uliinua mkono.