Nipo Sur, Oman, mbele ya jahazi lililotujua zamani

Assalaam alaykum, watu wangu wa Unguja na Pemba! Leo nimetoka Maskati asubuhi, kilomita 200 hivi, nimekuja Sur kukuonesheni chombo hiki nyuma yangu. Kinaitwa Fatah al-Khair. Kiliundwa hapa hapa mwaka 1951, baadaye kikauzwa Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakakifuata wakakirejesha. Wamelitafuta jahazi kama anavyotafutwa ndugu aliyepotea.

Vyombo vya namna hii ndivyo vilivyokuwa vikitia nanga kwetu. Vinateremka na kaskazi vimejaa tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ikianza vinarudi na karafuu na boriti za mikoko. Hizo boriti, jamani! Dari za nyumba kongwe za huku ni boriti za Rufiji na Lamu, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu sana, vyumba vimekuwa vyembamba vile vile kama vya Mji Mkongwe. Siku ya kwanza nilipoingia nyumba ya zamani hapa Sur nikatazama juu, nilijihisi nipo kwa bibi yangu, Malindi ya Unguja.

Na sikufichini: majahazi hayo hayo yalibeba watumwa, hata baada ya soko la Mkunazini, Unguja, kufungwa mwaka 1873. Wajukuu wao wapo Oman leo, na wao pia ni jamaa zetu.

Sasa nisikilizeni. Zama hizo aliyehangaikia riziki alikuwa Muomani. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja kwa sababu mali ilikuwa kwetu. Alipofariki mwaka 1856 wanawe wakagombana, na Waingereza walipowaamua mwaka 1861, Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Watu wa huku walipanda jahazi, wakaja kufungua viduka mashamba, Pemba, wakapokelewa. Halafu Oman ikaanza kuuza mafuta mwaka 1967, Sultani Qaboos akatawala mwaka 1970 akawaita walio nje warudi, wakiwemo waliokimbia mapinduzi ya 1964. Njia ikageuka.

Ndiyo maana roho inaniuma nikimkuta msichana wa kwetu anayefanya kazi za ndani, tajiri wake kamfungia pasipoti kabatini. Pengine babu wa tajiri huyo alishuka kwetu mikono mitupu, akapewa chakula na pa kulala. Wazazi, nakuombeni: kabla binti hajapanda ndege, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele yenu, na nakala ibaki nyumbani.

Ah, kuna jambo moja nilitaka kukuombeni. Wiki iliyopita, sokoni Matrah, huko Maskati, bibi mmoja alinisikia nikizungumza na simu akanishika mkono. Aliondoka Wete akiwa na miaka tisa. Hakuniuliza siasa wala nyumba yao. Aliniuliza kama karafuu bado zinaanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Mlioko Wete, msimu ukifika nirekodieni hata dakika mbili tu, na sauti za watu zisikike. Nitampelekea mwenyewe.