Tuanze na Besi

Vijana wangu, hili nalisema kila mwaka, na kila mwaka nakuta bendi imechagua wapiga tarumbeta kwanza, kisha tromboni, halafu yule aliyebaki bila ala anabebeshwa tuba, lile dude kubwa la shaba linalopiga besi, sauti nzito ya chini. Leo naanza na besi. Muda ukiniishia hapo hapo, nitaridhika.

Nilikuwa tarumbeta la kwanza katika bendi ya vijana, na mpiga tuba tulikuwa naye mmoja tu, kijana wa mwili mkubwa. Siku ya maandamano akakosa sare ya kumtosha, kiongozi akamwambia abaki. Tukaondoka bila besi. Barabara iliponyooka tulijiona wafalme. Tukafika kona. Safu ya mbele ikakata kushoto, na sauti ya tromboni ikaondoka nayo. Nikabaki nasikia tarumbeta langu na ngoma, basi. Nikaanza kulikandamiza tarumbeta mdomoni hadi ukingo wa kikombe cha kupulizia ukanichora duara. Sauti ikapanda. Wa kulia kwangu akanifuata huko juu, wa kushoto akabaki chini. Hatua 30 mbele, ungedhani ni bendi mbili zinagombea barabara moja.

Sauti nyembamba hufuata pale mdomo wa ala unapoelekea, kama mwanga wa tochi. Sauti nzito haina mwelekeo huo: inamzunguka mtu, inaizunguka safu nzima. Kwenye kona, inayomfikia kila mmoja ni besi.

Yupo atakayesema, ngoma si ipo? Ngoma inakupa mguu, haikupi noti! Na hata huo mguu, hesabuni wenyewe: sauti huvuka mita 34 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mkitembea hatua 120 kwa dakika, aliye mbali hivyo na ngoma anaisikia ikiwa imechelewa moja ya tano ya hatua. Macho yawe kwa kiongozi, masikio kwa besi.

Safari iliyofuata tulipita kona ile ile, mpiga tuba yumo, kavaa shati lake la nyumbani. Safu ya mbele ikapotea, lakini noti yake niliisikia mgongoni, ikaingia hadi mbavuni. Nikalegeza midomo. Noti yangu ikakaa yenyewe.

Wala msiniambie tuba ni nzito, hilo lilishapatiwa dawa zamani. Helikoni, aina ya tuba, ilizungushwa mwilini ili ikae begani. Mwaka 1893 J. W. Pepper wa Marekani akatengeneza susafoni ya kwanza, tuba nyingine ya kuvaa mwilini, kwa matakwa ya kiongozi wa bendi John Philip Sousa, mdomo ukitazama juu ili sauti iifunike bendi nzima. Kuugeuza mbele kulikuja baadaye.

Mengine nayapitia mbio. Tromboni hupangwa mbele ili bomba lake likisukumwa lisimgonge mtu kisogoni. Honi ya Kifaransa hutupa sauti nyuma, ndiyo maana kwenye gwaride bendi nyingi hushika melofoni, ala ya jamii hiyo inayotazama mbele. Saksafoni imeundwa kwa shaba, lakini inapigwa kwa kipande cha mwanzi, si kwa mtetemo wa midomo, kwa hiyo haimo katika ukoo huu wa tarumbeta na tuba, na hapo sibishani na mtu. Vali, zile za kubonyeza ili kubadili noti, zilizopewa hataza mwaka 1818 kwa Stölzel na Blühmel, tutazifungua siku nyingine.

Haya, wapiga besi piteni hapa mbele. Noti moja, ndefu, pumzi ya tumboni. Tarumbeta, subirini mpaka muisikie kifuani, ndipo muingie.