Tairi la AT Kwenye Lami Yenye Maji: Mambo ya Kutazama Unapochagua kwa Gari Kubwa

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza nanyi kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulifikiria mara moja tu kila baada ya miaka mitatu au minne, tukiwa tumesimama mbele ya rundo la matairi huku fundi akisubiri jibu. Nitazungumzia matairi ya AT, yaani yale yaliyoundwa ili gari lipite kwenye lami, changarawe, vumbi na tope la kiasi, na nitayatazama kwa upande mmoja: yanavyofanya kazi mvua inaponyesha, yakiwa yamefungwa kwenye SUV kubwa yenye uzito wa tani 2 na nusu hivi.

Nianze na kosa ambalo nimelitenda mimi mwenyewe. Tunapoona tairi lenye kashata, yaani vile vitalu vya mpira vinavyogusa barabara, zikiwa nene na zimeachana, macho hutuambia kwamba tairi kama hilo haliwezi kuteleza. Kwenye tope macho yanasema kweli, kwa sababu kashata huuma udongo, na ule uwazi ulio katikati yake huupa udongo mahali pa kutokea. Lakini mvua haitukuti kwenye tope peke yake. Mara nyingi hutukuta kwenye lami, tukiwa katika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa, na huko kinacholishikisha tairi ni kitu kingine kabisa. Niliwahi kufunga matairi ya aina hiyo, yenye sura ya kutisha, na mvua ya kwanza ilipokuja, lori lililokuwa mbele yangu likafunga breki ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, pedali ikawa inadunda chini ya mguu wangu kwa muda ulioonekana mrefu mno, na gari liliposimama, taa za nyuma za lori lile zilikuwa zimefichwa na boneti yangu. Gari langu lilikuwa linaendeshwa kwa magurudumu yote manne, na siku hiyo nilielewa vizuri kwamba mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda, lakini hausaidii chochote katika kusimama, kwa sababu kila gari, dogo kwa kubwa, lina breki kwenye magurudumu yake yote.

Ili tuelewe kilichotokea, tutenganishe hali mbili za maji barabarani, kwa maana tairi linalomudu hali moja laweza kushindwa vibaya katika ile nyingine.

Hali ya kwanza ni maji mengi, kama yale yanayotuama kwenye mabonde yaliyochimbwa na magurudumu ya malori. Chukueni tairi la saizi ya 265, ambalo sehemu yake inayogusa barabara ina upana wa milimita 210 hivi. Likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, linapaswa kuondoa njiani mwake karibu lita 16 za maji kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20, kwa tairi moja, kwa sekunde moja. Maji yasipopata pa kwenda hujikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua, gari likawa linaelea, na usukani ukawa mwepesi mkononi kana kwamba umekatika. Katika hali hii matairi mengi ya AT yakiwa mapya hufanya vizuri, kwa kuwa kina cha mifereji yake huwa milimita 10 hadi 13, wakati matairi mengi ya lami huanza na milimita 8 hivi. Ila si kila uwazi unapitisha maji. Tazameni kama mifereji imefunguka hadi kwenye mabega ya tairi, ili maji yatoke pembeni, au kama imeishia katikati kwa sababu ya urembo tu. Na mkumbuke kwamba tairi pana huyabeba maji mengi zaidi kuliko jembamba, hivyo anayeongeza upana ili gari lipendeze anajisogezea hatari ya kuelea.

Hali ya pili ni maji machache: utando mwembamba uliofunika lami, ambao huwezi hata kuuona vizuri usiku. Hii ndiyo hali ya siku nyingi za mvua, na hapa ndipo matairi mengi ya AT huwa dhaifu. Sababu ya kwanza ni ule uwazi tuliousifu, kwani mahali penye uwazi hapana mpira, na mahali pasipo na mpira hapana mshiko. Sababu ya pili ni urefu wa kashata: kashata ndefu iliyosimama peke yake hujipinda gari linapofunga breki, ikawa inagusa barabara kwa ukingo mmoja badala ya uso wake wote. Sababu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni mpira wenyewe. Mtengenezaji anayetaka tairi lisimeguke kwenye mawe makali huchanganya mpira mgumu zaidi, na mpira mgumu hauingii vizuri katika vinyweleo vya lami. Tangu mapema miaka ya 1990 watengenezaji wa matairi ya magari madogo wameongeza silika, yaani unga wa madini unaofanana na mchanga, kwenye mchanganyiko, mahali pa sehemu ya masizi meusi, na mshiko kwenye lami yenye maji uliimarika sana bila gari kuwa zito kusukuma. Baadhi ya matairi ya AT ya siku hizi yana silika ya kutosha na mengine hayana, na ukiyaweka pamoja chini ya taa za duka huwezi kuyatofautisha kwa sura.

Tofauti hiyo ina ukubwa gani? Tufanye hesabu rahisi, tukiacha muda wa dereva kushtuka. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, likiwa na kiwango cha mshiko cha 0.7, yaani nguvu ya mshiko ikilinganishwa na uzito wa gari, husimama baada ya mita 56 hivi. Kiwango kikishuka hadi 0.5, gari lilelile linahitaji karibu mita 79. Lakini anayesikia mita 23 za nyongeza huona ni kidogo, kwa hiyo niliseme kwa namna nyingine: pale gari la kwanza linaposimama kabisa, la pili linapita mahali hapo likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Kwa chuma cha tani 2 na nusu, kama kuna kitu au mtu amesimama hapo, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Basi tutazame nini? Kwanza, mikato myembamba iliyochongwa juu ya kashata, ile inayofanana na mistari iliyochorwa kwa wembe. Kazi yake ni kuufuta ule utando wa maji na kuongeza kingo za kuuma lami. Piga magoti mbele ya tairi, chukua kipande cha karatasi ngumu na ukiingize ndani ya mkato. Katika baadhi ya matairi kitazama hadi karibu na chini ya mfereji, na katika mengine kitagota baada ya milimita tatu au nne tu. Hilo la pili litakuwa zuri mwaka wa kwanza, kisha mikato itafutika wakati kashata bado zinaonekana nene, na mwenye gari hatajua kwa nini gari limeanza kuteleza. Mimi hufanya jaribio hili kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Tazama pia katikati ya tairi: mpira ulioshikana katikati, wenye kashata zilizosogeleana na kuegemeana, husimamisha gari vizuri zaidi kuliko vitalu vilivyotawanyika.

Pili, alama, na hapa naomba tuwe makini kwa sababu alama hutafsiriwa vibaya. Herufi M+S zinahusu matope na theluji, na huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kulingana na umbo la kashata. Hazisemi lolote kuhusu breki kwenye lami iliyolowa. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake ina jaribio halisi nyuma yake, lakini ni jaribio la mshiko kwenye theluji. Wengi huichukulia kuwa uthibitisho wa mvua, na sivyo. Kinachohusu mvua ni lebo ya Umoja wa Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 huonyesha mshiko kwenye maji kwa daraja A, iliyo bora, hadi E, na daraja za Marekani za AA, A, B na C, ambazo hupigwa ubavuni mwa tairi na hupatikana kwa kuburuta tairi lililofungwa breki kwenye lami na zege zilizoloweshwa. Ukikuta matairi mawili ya AT yanayolingana kwa mengine yote, moja likiwa na daraja B na jingine D, usihangaike tena kulinganisha urembo wake. Matairi mazito ya aina ya LT, yaliyokusudiwa malori madogo, hayabanwi na daraja hizo za Marekani, kwa hiyo huenda ukazikosa kabisa ubavuni.

Hayo matairi ya LT yananileta kwenye swali ninaloulizwa mara nyingi: je, gari kubwa halihitaji tairi zito zaidi? Linahitaji tairi linalobeba uzito wake, na hilo husomwa katika namba ya mzigo. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi, na 116 ni kilo 1,250. Linganisha na maandishi yaliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na usishuke chini yake. Kuvuka hapo hadi kwenye tairi la tabaka nyingi kuna maana kwa anayevuta tela zito au anayepita kwenye mawe kila wiki. Kwa wengine wote, linaongeza uzito kwenye gurudumu, linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo uleule, na mara nyingi mpira wake ndio ule mgumu. Kuhusu kupandisha saizi nitasema kwa ufupi: ukitoka 265/65R17 kwenda 285/70R17 kipenyo huongezeka kwa asilimia 7 hivi, maana yake mshale ukisoma 100 wewe uko kwenye 107, nayo mifumo ya breki na ya kuzuia gari kuserereka imepangwa kwa kipenyo cha awali. Kwa barabara yenye maji sioni faida yake.

Upepo nao una nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mwendo ambao tairi la ndege huanza kuelea juu ya maji hutegemea kipeuo cha pili cha upepo wake ukipimwa kwa psi, kile kipimo cha kwenye pampu: kizidishe kwa 9 upate mwendo kwa noti, kipimo cha mwendo cha ndege na meli. Tairi la gari si la ndege, kwa hiyo chukueni mwelekeo wa hesabu hiyo, msiichukue kama kipimo kamili. Kwa psi 36 inatoa takriban kilomita 100 kwa saa; kwa psi 25 inashuka hadi 83. Mwenye AT ndiye hasa anayepaswa kulizingatia hili, kwa kuwa ndiye anayepunguza upepo ili apite kwenye mchanga au tope, kisha anarudi kwenye lami akiwa na haraka na mvua inaanza. Pampu ndogo ya umeme ikae garini, na upepo urudishwe kabla ya kuongeza mwendo.

Kuhusu uchakavu, kiwango cha chini cha kisheria cha kina cha mifereji katika nchi nyingi ni milimita 1.6. Kwa gari zito kwenye mvua mimi sikifuati; kashata zikifika milimita 4 naanza kutafuta matairi mengine, kwa sababu kuanzia hapo mifereji haimudu tena zile lita tulizozihesabu, na mikato mingi imekwishafutika. Someni pia zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi huwa na kashata kamili na mpira uliokauka, na mpira uliokauka hauishiki lami. Badilisheni yote manne kwa pamoja, ya aina moja, hasa kama gari huendesha magurudumu yote wakati wote. Mkilazimika kuweka mawili tu, na mfumo wa gari ukiruhusu, yaliyo bora yakae nyuma, kwa maana sehemu ya nyuma ikianza kuelea gari hujizungusha, na madereva wachache huweza kulirudisha.

Mkishafunga matairi mapya, endesheni kwa utulivu kilomita mia chache za kwanza, kwa kuwa uso wa tairi jipya hutoka kiwandani ukiwa na ulaini wa kalibu na haujashika vizuri. Kisha, siku mvua inaponyesha, tafuteni uwanja mpana usio na watu wala magari, mwende kilomita 40 kwa saa, mkanyage breki hadi mwisho, na mtembee kwa miguu kutoka pale mlipoanza hadi pale gari liliposimama. Hesabuni hatua. Rudieni baada ya mwaka mmoja, mahali palepale.