Jinsi ya kuambisha kitenzi cha Kihispania katika wakati uliopo

Karibu. Chukua daftari na kalamu, maana leo tunaandika. Tunataka uweze kutoa kitenzi cha Kihispania kwenye kamusi na kukitumia papo hapo kwa nafsi zote sita.

Anayejua Kiswahili hatishwi na somo hili. Ukisema "ninaongea", huhitaji kuongeza "mimi", kwa sababu ni- imeshamtaja mtendaji. Kihispania nacho hufanya hivyo, ila kiambishi cha nafsi kimekwenda nyuma: hablo, ninaongea. Ile o ya mwisho ndiyo ni- yako. Basi macho yako yazoee kutazama mkia wa neno.

Hatua ya kwanza: angalia herufi mbili za mwisho. Kamusi hukupa kitenzi kikiishia na -ar, -er au -ir. Hablar ni kuongea, comer ni kula, vivir ni kuishi. Kundi la -ar ndilo kubwa kuliko mengine, na karibu kila kitenzi kipya kinachoingia katika lugha hiyo huingia humo. Anza nalo.

Hatua ya pili: kata zile herufi mbili. Hablar inabaki habl-, na huo ndio mzizi. Herufi h haitamkwi kabisa, sema "abl".

Hatua ya tatu: bandika kiishio. Sitisha video uandike: hablo, ninaongea, hablas, unaongea, habla, anaongea, hablamos, tunaongea, habláis, mnaongea, hablan, wanaongea. Habláis utaisikia zaidi Hispania, watu waliozoeana wakiambiana. Amerika ya Kilatini "ninyi" ni ustedes, na kitenzi chake ni hablan, kile kile cha "wao". Ukiongea na mtu mzima au mtu usiyemjua, usted, yaani "wewe" ya heshima, huchukua habla. Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanasema usted hablas, heshima mbele, mazoea nyuma.

Kwa -er viishio ni como, comes, come, comemos, coméis, comen. Kundi la -ir hufuata hivyo hivyo, isipokuwa mahali pawili: vivimos na vivís.

Sasa tukae kwenye mkazo, maana hapa ndipo sisi Waswahili tunapoteleza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kwa hablo tabia hiyo inakusaidia: HA-blo. Lakini kuna neno jingine, habló, lenye alama juu ya o, nalo maana yake ni "aliongea". Ukilitamka kwa mazoea ya nyumbani, umebadilisha wakati na umembadilisha mtendaji kwa mpigo mmoja. Rudia nami: HA-blo, ninaongea, ha-BLÓ, aliongea. Kanuni ni hii: neno likiishia na irabu, n au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, likiishia na konsonanti nyingine, uko silabi ya mwisho, kama ha-BLAR. Alama ikiwapo juu ya irabu, ifuate hiyo.

Mkazo huo huo ndio unaoeleza vitenzi vinavyoitwa visumbufu. Chukua poder, kuweza. Tungetarajia podo, lakini ni puedo, puedes, puede, kisha podemos, podéis, halafu tena pueden. Angalia mkazo uko wapi. Katika puedo umeangukia mzizi, na o iliyobeba mkazo imekuwa ue. Katika podemos umehamia kwenye kiishio, o ikabaki salama. Pensar, kufikiri, inakwenda vivyo hivyo kwa e na ie: pienso, lakini pensamos. Pedir, kuomba, hugeuza e kuwa i: pido, lakini pedimos. Si kila kitenzi chenye o au e hufanya hivi, comer haibadiliki. Kwa hiyo unapojifunza kitenzi kipya, andika jozi: umbo la "mimi" na umbo la "sisi". Jozi hiyo itakuonyesha kama irabu inageuka.

Kukanusha ni kwepesi: weka no mbele, usiguse kitenzi. No hablo, siongei. Kiwakilishi cha yambwa, yaani neno dogo linalomtaja anayetendwa kama -m- ya "ninamwona", nacho hukaa mbele, kikiandikwa peke yake: lo veo, ninamwona, kama anayeonwa ni mwanamume. Veo lo si sahihi. Ukikanusha, no hutangulia vyote: no lo veo.

Zoezi: ambisha trabajar, kufanya kazi; beber, kunywa; escribir, kuandika; na dormir, kulala, kwa nafsi ya "mimi" na "sisi". Sitisha video hapa.

Majibu: trabajo, trabajamos, na j itamke kama kh ya Khamisi. Bebo, bebemos. Escribo, escribimos, kama uliandika escribemos, umeazima kiishio cha -er. Duermo, dormimos. Ukiwa umeandika duermimos, litamke kwa sauti usikie mkazo umeangukia wapi, kisha rudisha ile o.