Hali ikikosekana kwenye awamu moja ya fMRI: kontrasti isihame safu

Karibuni, wandugu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Hapa kwenye skrini tuna jaribio la fMRI (picha za ubongo ukifanya kazi) la awamu 4 lenye hali 2: majibu "sahihi" na majibu ya "kosa". Kontrasti ni uzito tunaozipa hali hizo ili kuzilinganisha. Mshiriki huyu, awamu ya 3, hakukosea hata mara moja.

Kwanza okoa mega zako. Ukiwa OpenNeuro, hazina ya wazi ya data za ubongo mtandaoni, usikimbilie picha za ubongo. Pakua faili za events.tsv, zenye orodha ya matukio ya kila awamu, ni nyepesi, kisha uhesabu kwenye safu ya trial_type (aina ya tukio) kila hali imetokea mara ngapi katika kila awamu. Penye 0, tia alama.

Sasa fungua SPM, programu ya kuchambua picha hizo. Wengi huiondoa "kosa" kwenye awamu ya 3, halafu wanabandika kontrasti ileile ya washiriki wengine, +1 kwa "sahihi" na −1 kwa "kosa". Hapo ndipo mambo yanaharibika. Kwenye jedwali la modeli, kila awamu ina safu 2 za hali na 6 za mwendo wa kichwa, jumla 8. Ya 3 imebaki na 7, kwa hiyo awamu ya 4 inaanzia safu ya 24, si 25. Ile +1 ya "sahihi" imeangukia "kosa", na −1 imekaa juu ya mwendo wa kichwa. SPM hailalamiki; ramani inatoka na rangi zake kama kawaida.

Usihesabu safu kwa kidole. Kwenye skripti tafuta majina ndani ya SPM.xX.name, mfano Sn(4) kosa*bf(1), uweke uzito hapo.

Uzito gani? Awamu ya 1, 2 na 4: 1/3 kwa "sahihi", −1/3 kwa "kosa". Ya 3 ipe 0 kote kuwili, ili ulinganishe hali zilizo ndani ya awamu moja. Wenye awamu zote 4 wapewe 1/4. Ukiwaandikia wote 1 na −1, na tofauti ikiwa 2 kila awamu, mwenye awamu zote 4 atapata 8, huyu wa awamu 3 atapata 6, ingawa ubongo umefanya kazi sawa. T (kipimo cha takwimu) ya mtu mmoja haibadiliki, ndiyo maana kosa hili hujificha. Ngazi ya kikundi inabeba picha za con (thamani za kontrasti yenyewe), si T.

Kwa FSL, programu nyingine ya uchambuzi, ni rahisi zaidi: kwenye FEAT, zana yake ya kujenga modeli, chagua umbo la safu tupu, mpangilio unabaki uleule. Ila kontrasti za "kosa" za awamu hiyo usizipandishe ngazi ya 2, panapounganishwa awamu. Sifuri ya safu tupu si kipimo cha ubongo kutulia.

Na asiyekosea awamu zote 4? Mtoe kwenye kontrasti hiyo tu, au tumia 3dLME, zana ya programu ya AFNI inayovumilia data pungufu. Kwenye ripoti andika wangapi wametoka na kwa nini: hao ndio makini kuliko wote, kwa hiyo kikundi kilichobaki kimeegemea upande wa wanaokosea.