Anatumia Nini? Mhadhara kwa Wazazi na Ndugu wa Waraibu

Ndugu wazazi, wake kwa waume,

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimpeleke wapi kijana wangu?" Nami hulijibu kwa swali: anatumia nini? Maana anayejidunga unga, yaani heroini, na anayekunywa gongo kutwa kucha hawaachi kwa namna moja. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili uliozoea ukiikosa, humtesa mtu siku kadhaa kwa kuharisha, kutapika, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi, lakini ni nadra kumuua mwenye afya. Ilhali pombe, kwa aliyeizoea kwa wingi miaka mingi, ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege, kuweweseka, hata kifo. Mlevi wa namna hiyo msimfungie chumbani "mpaka imtoke". Aanzie hospitali.

Kwa wa unga, huku kwetu Tanzania njia kuu ni mbili, soba hausi na methadoni, na wenye kila njia hupenda kuibeza ya wenzao. Soba hausi, ambazo serikali huziita nyumba za upataji nafuu, humtenga kijana na maskani yake kwa miezi kadhaa. Nyingi hufuata Hatua Kumi na Mbili, mpango wa kuacha hatua kwa hatua katika vikundi vya kusaidiana, chini ya uangalizi wa wanaume waliowahi kutumia wenyewe, na familia hulipia. (Nyingi ni za wanaume; wanawake wamesahauliwa mno, na hilo lastahili mhadhara wake.) Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala, Temeke na kwingineko, Zanzibar ikiwamo, tena bila malipo. Kwa kawaida mtumiaji huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlewesha, mradi kipimo kiwe sahihi.

Wapo wasemao kwamba huko ni kumtoa mtu kwa pusha na kumfanya teja wa serikali. Sikubaliani nao. Aliyekuwa akiamka alfajiri kusaka kete, leo anakunywa dawa yake asubuhi na kwenda kibaruani; hapigi sindano ya kuazimana, wala haibi sufuria za mama yake. Udhaifu wa methadoni uko kwingine: nauli ya kila siku, na kazi zisizoruhusu kufika kituoni. Mvuvi anayelala baharini ataifuata vipi? Huyo huenda soba hausi ikamfaa zaidi.

Lakini soba hausi nayo ina siku yake ya hatari, nayo ni siku ya kutoka. Baada ya miezi bila unga, mwili umepoteza uzoefu wake. Akirudia kipimo cha zamani hata mara moja, pumzi huweza kukatika. Kwa hiyo kabla hamjalipa, muulizeni msimamizi: akitoka, nani atamfuatilia, na mara ngapi? Akianza kuwaonyesha vitanda vipya na runinga, rudieni swali lenu. Nyumba inayofunga watu minyororo, hata hilo msiulize. Ondokeni na kijana wenu siku hiyohiyo.